Kutu kwenye Viungio vya Hita ya Maji

Hita ya maji ya umeme inayotundikwa ukutani huunganishwa na mabomba ya nyumba mahali pawili tu. Upande mmoja kuna mdomo wa maji baridi wenye alama ya buluu, na upande wa pili mdomo wa maji ya moto wenye alama nyekundu. Hita iwe ya lita 30 au ya lita 100, kutu hupenda kuanzia katika midomo hiyo miwili. Hapo chuma cha tangi hukutana na brasi ya valvu, brasi nayo hukutana na bomba la shaba au la chuma kilichopakwa zinki, na vyote hukaa ndani ya maji ya moto mchana na usiku. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja fundi bomba huitwa kiungio kikishaanza kuvuja, akakitoa, akafunga kingine cha aina ileile, akalipwa akaenda. Baada ya muda tatizo hurudi palepale. Hurudi kwa sababu kilichokula kiungio cha kwanza hakikuguswa.

Metali hazilingani katika nguvu ya kushikilia elektroni zake. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, ile dhaifu huzitoa elektroni zake kwa ile imara, na kila atomu iliyozipoteza huachana na metali na kuingia majini. Mkondo wa umeme unaopita hapo ni mdogo mno, hauwezi kusikika mkononi wala kuwasha taa, ila haupumziki, na siku baada ya siku metali dhaifu hupungua. Betri ya kwanza duniani ilitumia kanuni hiyo. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya zinki pamoja na vya metali nyingine imara zaidi, kama fedha au shaba, akatenganisha kila jozi kwa kitu kilicholoweshwa maji ya chumvi, akapata umeme. Anayefunga nipo (kiungio kifupi chenye thredi) ya chuma chenye zinki moja kwa moja kwenye bomba la shaba hujenga kifaa hichohicho ukutani mwa bafu.

Wanakemia hupima tabia hii kwa volti. Magnesiamu hupewa -2.37, zinki -0.76, chuma -0.44 na shaba +0.34. Metali yenye namba ya chini zaidi ndiyo inayoliwa, na kadiri mbili zinavyoachana katika orodha ndivyo kuliwa kunavyokwenda mbio. Brasi, kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hukaa karibu na shaba. Namba hizi zilipatikana maabara, na ndani ya bomba halisi mpangilio unaweza kusogea kidogo, lakini fundi anayeukumbuka hatashangaa kuona kwamba kati ya chuma na shaba siku zote chuma ndicho kinachoumia.

Kanuni hii inayoharibu ndiyo pia inayolinda. Mwaka 1824 Humphry Davy aliieleza Royal Society ya London kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma, vikifungwa kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza, vingeliwa vyenyewe na kuiacha shaba salama. Ndivyo ilivyokuwa, ingawa shaba isiyoliwa iliacha pia kuwafukuza viumbe wa baharini na matumbo ya meli yakaota majani na makome. Meli za chuma zinazotia nanga katika bandari za leo bado hufungwa vipande vya zinki kwa sababu hiyo, na ndani ya hita ya maji yenye tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayofanya kazi ileile. Wenye hita wengi hawajawahi kuambiwa kwamba fimbo hiyo ipo.

Mambo mawili huifanya hita kuwa mahali pabaya zaidi kwa metali kuliko sinki la jikoni. La kwanza ni joto, kwa maana mmenyuko wa kikemia huongeza kasi kadiri maji yanavyopata moto. Isitoshe, zinki inayopakwa juu ya chuma ili kukilinda haiaminiki katika maji ya moto. Maji yakifika nyuzi joto 60 hivi na kupanda, katika baadhi ya maji zinki na chuma hubadilishana nafasi, na mlinzi huacha kulinda. Ndiyo sababu mabomba ya chuma chenye zinki, yaliyokuwa yakifungwa kwa wingi zamani, huziba na kutoboka upande wa maji ya moto mapema kuliko upande wa baridi.

La pili ni chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kloridi iliyomo huvunja utando mwembamba unaozikinga metali. Mwambao wa Afrika Mashariki una shida hii kwa uzito wake. Visima virefu vinapovutwa maji mengi kuliko mvua inavyorudisha, maji ya bahari husogea chini ya ardhi kuelekea nchi kavu, na wakazi wa maeneo kadhaa ya Dar es Salaam wamezoea maji ya kisima ambayo hayafai kwa chai. Maji hayo yakipandishwa kwenye tangi la juu na kushushwa hadi kwenye hita, hukila kiungio ambacho kwa maji ya mto kingedumu muda mrefu. Hewa ya bahari nayo hubeba chumvi, kwa hiyo hita za jua zilizo juu ya mapaa ya pwani hupata kutu kwa nje pamoja na kwa ndani.

Ukubwa wa sehemu zinazogusana una maana kuliko wengi wanavyodhani. Kipande kidogo cha metali dhaifu kikiunganishwa na eneo kubwa la metali imara, uharibifu wote hukusanyika kwenye kile kipande kidogo. Nipo moja ya chuma katikati ya mita nyingi za bomba la shaba haina maisha. Tangi lenyewe la hita, kwa ndani, limepakwa enameli, ambayo ni aina ya kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, lakini kwenye thredi za midomo enameli hiyo huwa nyembamba au haipo kabisa. Chuma kilicho wazi hapo ni kidogo, na kuliwa kote huelekea huko. Hii ndiyo hatari inayofichwa na kiungio kilichooza: kiungio hununuliwa dukani, lakini thredi za mdomo wa tangi haziuzwi.

Kutambua kiungio kilichoanza kuliwa hakuhitaji vifaa maalumu. Kunahitaji tochi, kitambaa kikavu, na subira ya kutazama rangi. Rangi ya kahawia au nyekundu ni kutu ya chuma, yaani nipo, soketi au mdomo wa tangi wenyewe. Kutu hii huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba na kutengeneza vipele, na chini ya kipele chuma huwa kimebaki chembamba. Kijani au buluu ya maji ni shaba, au brasi iliyokuwa inatoa unyevu polepole. Kijani kavu na kidogo kwenye kona ya zamani si jambo la kutisha. Kijani kibichi kinachorudi baada ya kufutwa kina maana kwamba maji bado yanapita. Weupe ndio mgumu kusoma, kwa sababu unaweza kuwa chokaa iliyoachwa na matone yaliyokauka, na unaweza kuwa zinki iliyotoka ndani ya brasi.

Weupe huo wa brasi unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana umewadanganya mafundi wengi. Brasi ya kawaida ina zinki nyingi, na maji yenye kloridi au maji ya moto huweza kuichukua zinki peke yake na kuiacha shaba. Kinachobaki kina umbo lilelile la elbo au valvu, kina thredi zilezile, lakini ni sifongo ya shaba isiyo na nguvu. Kwa nje huonekana povu gumu jeupe, na ukikwaruza sehemu safi rangi yake huwa ya waridi badala ya manjano. Kiungio cha namna hii huweza kukaa kimya kwa muda mrefu, kisha kikavunjika mkononi mara spana inapokigusa. Povu jeupe likiambatana na rangi ya waridi ni sababu tosha ya kukiondoa hata kama hakijadondosha tone.

Maji yenyewe hutoa habari. Maji ya moto yakitoka na rangi ya kahawia huku ya baridi yakiwa safi, kutu iko kwenye hita au kwenye njia yake. Ikiwa rangi hudumu kwa sekunde chache za mwanzo kisha maji yakatakata, mwenye kosa huenda ni kiungio au kipande kifupi cha bomba. Yakiendelea kuwa na rangi ndoo nzima, shaka huhamia kwenye tangi. Mkondo wa maji ya moto ukipungua mwezi hadi mwezi huku wa baridi ukibaki na nguvu yake, mara nyingi nipo imeziba kwa ndani, na tundu la nusu inchi limebaki la kupitisha kalamu.

Zile hosi nyumbufu zilizosukwa kwa nyaya za chuma cha pua, ambazo mafundi huzipenda kwa kuwa hazihitaji kupimwa wala kukatwa, zina maradhi yao. Chuma cha pua hustahimili mengi, lakini kloridi hukipasua. Nyaya moja moja hukatika na kusimama kama bristo za brashi, na mpira uliomo ndani, ukikosa kizuizi, huvimba hadi kupasuka. Dawa za kusafishia choo zenye klorini, zikiwekwa chini ya hosi hiyo katika bafu lisilo na dirisha, huharakisha jambo hili kwa mvuke wake tu. Hosi yenye waya hata mmoja uliokatika hubadilishwa siku hiyohiyo.

Kati ya viungio vyote, kimoja hakina ruhusa ya mzaha. Ni valvu ya usalama, ile ya brasi yenye kishikio kidogo na kitundu pembeni, inayofungwa kwenye mdomo wa maji baridi. Maji yakipashwa moto huongezeka ujazo. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa valvu hiyo hairuhusu maji kurudi nyuma kwenye bomba, ongezeko hilo hukosa njia nyingine. Shinikizo likifika kiwango kilichoandikwa kwenye valvu, mara nyingi baa 8 kwa hita ndogo, kitundu hufunguka na kutoa matone. Matone hayo wakati hita inapasha moto ni dalili kwamba valvu ni nzima.

Hapa hutokea kosa la kuhuzunisha. Mwenye nyumba huona matone, huona na ukoko wa kijani uliozunguka kitundu, akadhani valvu imeoza, na fundi asiyejua akakiziba kitundu kwa skrubu, kwa gundi au kwa kuondoa valvu kabisa na kufunga koki ya kawaida. Siku thamostati itakapogoma kuzima umeme, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka wakati huo, sehemu ya maji yaliyoachiwa ghafla hugeuka mvuke, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta hauzuii nguvu hiyo. Valvu iliyoshikwa na kutu au chokaa ni hatari sawa na iliyozibwa, na njia ya kuijua ni kuinua kishikio chake mara moja kila baada ya miezi michache. Maji yakitoka kwa nguvu na kukoma kishikio kinaposhushwa, valvu inafanya kazi. Kishikio kisipoinuka, maji yasipotoka au yasipokoma, hubadilishwa kwa nyingine yenye kiwango kilekile cha shinikizo. Kipimo hiki kifanywe maji yakiwa yamepoa au mkono ukiwa mbali na kitundu, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Kiungio kikishatambuliwa kuwa kibovu, jambo la kwanza ni kutokigusa. Ukoko uliogandamana juu ya tundu mara nyingi ndio kizibo chake, na anayeukwangua kwa kisu ili aone vizuri hujikuta ameshika bomba linalofoka. Kukaza nako ni kosa la pili. Thredi zilizoliwa hazina nyama ya kukazika, na spana inayolazimisha huvunja kiungio ndani ya mdomo wa tangi. Mpira wa ndani wa tairi uliozungushiwa waya, tepu iliyoviringwa kwa nje, na gundi ya kukanda huweza kupunguza maji kwa usiku mmoja, lakini kutu huendelea chini yake gizani. Kwa dharura ya usiku ni sawa, mradi asubuhi kazi halisi ifanyike.

Kazi hiyo huanza kwenye umeme. Swichi ya hita huzimwa, na pia kikata-umeme chake kwenye boksi kuu, kisha tesita huthibitisha kwamba hakuna umeme kwenye hita. Maji na umeme vikiwa pamoja ndani ya bafu, hatua hii haina mbadala. Hita huachwa ipoe. Koki ya maji baridi inayoingia hufungwa, koki ya maji ya moto ya bafuni hufunguliwa ili shinikizo lishuke na hewa iingie, na maji hutolewa kupitia kishikio cha valvu ya usalama au koki ya kutolea maji. Nyumba isiyo na koki ya kuzuia maji kabla ya hita ifungiwe moja wakati huohuo, maana bila hiyo kila ukarabati humaanisha kumwaga tangi zima la juu.

Kufungua kunataka spana mbili. Moja hushika mdomo wa hita au kipande kilicho karibu nao kisizunguke, ya pili hufungua kiungio. Fundi anayetumia spana moja hupeleka nguvu yote kwenye kiungo cha mdomo na ganda la tangi, na enameli ikipata ufa hapo hakuna rangi itakayoirudisha. Mafuta ya kulainisha kutu hunyunyizwa na kuachwa yapenye kwa muda. Kiungio kikiendelea kukataa hukatwa kwa msumeno wa chuma milimita chache nje ya mdomo, kisha mabaki hutolewa kwa ndani taratibu, kipande kwa kipande, bila kugusa thredi za tangi. Moto wa gesi haufai hapa. Kuna plastiki, povu la kuzuia joto na nyaya nyuma ya ganda lile.

Thredi zikiwa wazi husafishwa kwa brashi ya waya na kutazamwa kwa tochi. Zikiwa kamili kazi inaendelea. Chache za mwanzo zikiwa zimeliwa lakini za ndani ni nzima, kiungio kipya kinaweza kushika. Zikiwa zimekwisha, ukweli ni kwamba hita imefika mwisho wake, na tepu nyingi haitabadilisha hilo.

Kuchagua kiungio kipya ndiko kunakoamua kama fundi ataitwa tena. Sokoni kuna viungio vya zinki iliyochanganywa na metali nyingine, vimepakwa rangi ya krome ving'ae, vikauzwa kama brasi. Sumaku peke yake haitoshi kuvifichua, kwa sababu hainati kwenye brasi wala kwenye zinki. Hunata kwenye chuma tu. Uzito husaidia zaidi, kwani brasi ni nzito kuliko zinki ya ukubwa uleule, na mkwaruzo mdogo wa msumari mahali pasipoonekana huonyesha manjano kwa brasi na kijivu kwa zinki. Kwa maji ya kisima yenye chumvi ipo brasi maalumu iliyoongezwa chembe za arseniki ili zinki isitoke, na hugongwa herufi CR au DZR. Bei yake ni kubwa kidogo, na kwa mwambao inastahili kila shilingi.

Bado linabaki suala la kuzitenganisha metali. Mafundi wengi huamini tepu nyeupe inayozungushwa kwenye thredi inatosha. Haitoshi. Kazi yake ni kulainisha na kuziba maji, na kiungio kinapokazwa thredi huikata na metali kugusana. Linalohitajika ni kipande kilichotengenezwa kwa kusudi hilo: yunioni yenye washa ya mpira na kola ya plastiki inayozuia pande mbili zisigusane, au nipo ya chuma iliyotandikwa plastiki kwa ndani. Umuhimu wa kizuizi hicho ulionekana kwa kiwango kikubwa New York, katika Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni ya shaba na mifupa yake ilikuwa ya chuma, vikatenganishwa kwa asbesto iliyolowekwa utomvu. Kizuizi kilioza, chumvi ya bandari ikaingia, mbavu za chuma zikavimba kwa kutu na kung'oa ribiti kwenye shaba. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986 mbavu hizo zilibadilishwa kwa chuma cha pua, na kati yake na shaba kukawekwa utando wa tefloni.

Nyumba zilizofungwa mabomba ya plastiki ya PPR, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwenye nyuzi 260, zimepona sehemu kubwa ya tatizo hili kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Hazijapona lote. Soketi za PPR zinazofungwa kwenye hita huwa na kiini cha brasi, na brasi hiyo hukutana na chuma cha tangi kama kawaida, kwa hiyo nipo yenye kizuizi bado ina kazi. Pia si vema kufunga PPR moja kwa moja kwenye mdomo wa maji ya moto wa hita ambayo thamostati yake hupanda hadi nyuzi 75 au zaidi, maana plastiki hiyo haikusudiwi kukaa kwenye joto hilo miaka yote. Kipande kifupi cha metali nzuri kikitangulia, plastiki hufuata kwa usalama. PVC ya kijivu haifai kabisa kwa maji ya moto. Na pale ambapo nyumba ina mabomba ya shaba pamoja na ya chuma chenye zinki, ya zinki yasifungwe baada ya shaba kwa mwelekeo wa maji, kwa sababu chembe za shaba zinazosafiri na maji hutua juu ya zinki na kuanzisha betri ndogo ndogo katika bomba lote.

Wakati wa kufunga kiungio kipya, tepu huzungushwa kufuata mwelekeo wa kukazia, kiungio hukazwa kwa nguvu ya kiasi, tena kwa spana mbili. Kisha tangi hujazwa huku koki ya maji ya moto ikiwa wazi, mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Umeme hauwashwi kabla ya hapo, kwa sababu elementi inayopasha maji moto ikiwaka bila maji huungua mara moja. Viungio hukaushwa na kuguswa kwa karatasi laini kavu, kwanza vikiwa baridi, kisha baada ya maji kupata moto, na tena kesho yake. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Kizuizi kikishawekwa, umakini wa ziada unahitajika kwenye umeme. Katika nyumba za zamani mabomba ya metali ndiyo yaliyokuwa yakipeleka ardhini umeme unaovuja, bila mtu kukusudia. Nipo yenye plastiki, au mabomba ya PPR, hukata njia hiyo. Hita lazima iwe na waya wake wa ethi, wa kijani wenye mstari wa manjano, uliofungwa kwenye ganda na kufika ardhini kweli. Fundi umeme aukague kwa kipimo, si kwa macho, na kikata-umeme kinachozima umeme unapovuja kiwepo kwenye saketi hiyo.

Mwisho ni fimbo ya magnesiamu. Katika hita nyingi ndogo hufungwa kwenye kifuniko cha chini, pamoja na elementi, na hutoka kifuniko kikifunguliwa. Kwa maji laini ya mjini hukaguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kwa maji ya kisima chenye chumvi kila mwaka bila kukosa. Ikiwa imebaki nusu ya unene wake, au waya wa katikati umeanza kuonekana, hubadilishwa. Fimbo ikiisha kuliwa, zamu hufika kwa chuma cha tangi na thredi za midomo yake. Kupunguza thamostati hadi nyuzi 60 nako husaidia metali na bili ya umeme, lakini kushuka chini sana ya hapo hakushauriwi kwa maji yanayohifadhiwa, kwa kuwa bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya vuguvugu.

Tofauti moja haipaswi kukosewa. Maji yanayotoka kwenye kiungio huteremka kwa nje ya hita na chanzo chake huonekana kikifutwa na kusubiriwa. Maji yanayotoka chini ya ganda, kwenye mshono au kwenye tundu la nyaya, huku viungio vyote vikiwa vikavu, yanaweza kutoka kwenye washa ya kifuniko cha elementi, ambayo hubadilishwa kwa bei ndogo, au kwenye tangi lenyewe. Umeme uzimwe kwanza katika hali zote mbili. Washa ikiwa nzima, basi ni tangi lililotoboka, na tangi la enameli lililotoboka halichomelewi wala halizibwi; hita hiyo hushushwa ukutani, na mpya hufungwa kwa viungio vipya.